Nafasi Iliyoachwa Wazi

Juzi binti yangu, akiwa ameinamia daftari lake la biolojia, aliniuliza: "Mama, mtu wa kundi B akipewa damu ya kundi B, kuna nini tena cha kuharibika?" Nilifungua kinywa nimjibu, nikajikuta nimenyamaza, kwa maana nilimkumbuka yule mama aliyefanyiwa upasuaji.

Damu yake niliipima mimi. Alikuwa kundi B, Rh chanya; uchunguzi wa kingamwili haukuonyesha chochote, na chupa mbili nilizozilinganisha na sampuli yake zilikubaliana nayo bila shaka yoyote. Nikatia saini. Aliongezewa damu, akapata nafuu, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku ya 8 alirudishwa macho yakiwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai iliyokolea, na hemoglobini imeshuka hata chini ya pale ilipokuwa kabla ya kuongezewa.

Sampuli mpya ililetwa kwangu jioni. Niliziosha seli nyekundu kwa maji ya chumvi mara nne, nikadondosha kitendanishi cha Coombs, kinachozishikamanisha seli zenye kingamwili juu yake, nikaizungusha neli kwenye mashine, kisha nikaiinamisha polepole mbele ya taa. Seli zisizo na kingamwili juu yake huachia kutoka chini ya neli na kutawanyika kama moshi laini. Zile hazikutawanyika zote. Vibonge vidogo vilijitenga na kuelea katikati ya seli zilizo huru, na hapo hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nikitazama damu za watu wawili ndani ya neli moja: ya kwake, iliyo salama, na ya mchangiaji, iliyoshambuliwa. Niliishika neli ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilijaribu plazma yake dhidi ya seli 11 ambazo antijeni zake, yaani alama zilizo juu ya seli, zinajulikana. Zile zilizobeba antijeni iitwayo Jk(a) peke yake zilishikamana kwa nguvu. Zilizobeba Jk(a) pamoja na mwenzake Jk(b) zilishikamana kwa udhaifu tu. Ulikuwa mfumo wa Kidd, mfumo mwingine wa makundi ya damu mbali na ABO na Rh, unaoitwa kwa jina la familia ya mama ambaye kingamwili yake ilielezwa mwaka 1951, baada ya mtoto wake kuzaliwa na ugonjwa wa kuharibiwa kwa seli nyekundu. Sisi tunaofanya kazi hii tunaiogopa kingamwili hiyo kwa sababu hupungua kadiri miaka inavyopita hadi vipimo visiione, lakini mwili hauisahau. Antijeni ile ile ikiingia tena, kingamwili hurudi kwa wingi ndani ya siku chache.

Nilikwenda wodini mwenyewe. "Mama, uliwahi kuongezewa damu kabla ya safari hii?"

"Niliwahi, mwanangu, nilipojifungua kitinda mimba wangu. Ana miaka 19 sasa." Kisha akaniuliza: "Kwani walinipa damu isiyo ya kundi langu?"

Nilimweleza kwamba ilikuwa ya kundi lake, nami niliona wazi kuwa jibu hilo halikumsaidia. Niliporudi maabara niliitafuta fomu yake ya kuombea damu. Mahali pa kuandika kama mgonjwa aliwahi kuongezewa damu palikuwa wazi, na mimi niliipokea fomu ile hivyo hivyo.

Tulipima chupa za kundi lake moja baada ya nyingine hadi tukapata zisizo na Jk(a). Figo zake hazikudhurika. Alipotoka nilimwandikia kadi kwa herufi kubwa, nikamsihi aionyeshe popote atakapotibiwa.

Haya yote nilimsimulia binti yangu. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kama ile nafasi ingejazwa, si kipimo chako kingetoa jibu lile lile?" Nikamwambia kingetoa lile lile, ila ningepiga simu kwenye hospitali aliyojifungulia kuuliza kama waliwahi kuiona kingamwili hiyo. Akaridhika, akaandika "Kidd" pembeni mwa ukurasa. Hakuuliza kama wangekuwa bado na daftari la miaka 19 iliyopita, nami sikulitaja.