Karuna isiyogeuka huzuni

Ndugu katika Dhamma (mafundisho ya Buddha), wiki hii tuitazame karuna, yaani huruma, hasa kwa ajili yenu mnaojiandaa kuingia mafungo ya ukimya. Wengi wakifika siku ya tatu au ya nne huanza kulia, wakadhani machozi ndiyo dalili kwamba huruma imefunguka. Si lazima iwe hivyo. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga, kitabu cha mwongozo wa kutafakari, nchini Sri Lanka katika karne ya 5, anasema karuna ina maadui wawili. Wa mbali ni ukatili, na huyo hutambulika mara moja. Wa karibu ni huzuni, naye ndiye wa kuogopwa, maana huingia amevaa nguo za huruma.

Kipimo kipo. Karuna iliyokomaa huweza kuifikisha akili hadi jhana ya tatu (jhana ni hatua za utulivu wa kina wa akili), na katika jhana zote tatu raha haikosekani. Basi kifua kikibana na mwili ukaishiwa nguvu, hiyo ni huzuni, hata kama unayemlilia ni mtu mwingine.

Zoezi la metta, yaani upendo wa kutakia mema, huanza na nafsi yako. Karuna huanza na mtu aliye kwenye dhiki ya wazi, kisha mpendwa, kisha mtu usiyemjali wala kumchukia, na mwisho adui. Kwa kuanzia, usimchague mwanao au mzazi wako anayeugua, kwani wasiwasi utaitangulia huruma. Mchague aliye hai. Visuddhimagga inasimulia juu ya bhikkhu (mtawa) kijana aliyemwelekezea mwalimu wake metta bila kufika popote, hadi mzee mmoja alipomwambia achunguze huyo anayemwelekea. Akakuta mwalimu ameshafariki.

Kaa dakika 45. Tano za kwanza uachie mwili utulie. Kisha mlete mtu wako akilini: uso wake tu, au namna anavyoketi. Sema kimoyomoyo, "Uondokewe na mateso haya." Nyamaza kwa pumzi mbili tatu, useme tena. Sentensi moja yatosha. Maneno yakianza kujiendea yenyewe bila moyo kuwamo, yaache kidogo, urudi kwenye uso. Ukijikuta unapanga namna ya kumlipia matibabu, umeshahamia kwenye mipango. Rudi tena kwenye uso. Kichwa kikiuma, mara nyingi ni kwa sababu unailazimisha hisia ije. Kazi yako ni kutakia mema. Hisia ikija, ije.

Huzuni ikishika kweli, fungua macho, sikiliza nyayo zako sakafuni, kisha mtakie metta mtu aliyekutendea wema. Isipotulia, tumia tafakari ya upekkha, yaani moyo usioyumba: kila kiumbe ni mrithi wa kamma yake, yaani matendo yake. Hilo halimaanishi kumwacha mtu na shida zake. Linauondolea moyo dhana kwamba uzito wote ni wa kuubeba wewe.

Wakati wa kutembea, chagua njia ya hatua kama 20, useme sentensi yako kila unapogeuka.

Sasa saa za alasiri. Wenye kushika sila nane (kanuni nane za mwenendo) hawali baada ya saa sita mchana, na ikifika saa kumi usingizi na njaa hukutana. Hapo ndipo kikohozi cha jirani kinapogeuka kero, na mtu ambaye hamjawahi kusemezana neno anakuwa adui kamili, na sababu zake zote umezitunga mwenyewe. Msikimbie hali hii. Ukimya umewaletea bure yule wa nne, adui, ambaye mngemtafuta kwa shida, na kwa uchungu mdogo kuliko wa adui wa nyumbani. Mtazame: mgongo wake nao unauma, naye anahesabu dakika kama wewe. Sema sentensi yako. Hasira ikipanda kuliko mwanzo, rudi kwa mpendwa kwa dakika kumi, kisha mjaribu tena.

Adui wa kweli mwacheni hadi siku za mwisho, kama hata hapo atafikiwa. Simu zikirudishwa mkononi, mtavutwa kumpigia au kumwandikia papo hapo. Subirini siku chache, maana moyo uliotoka kwenye ukimya ni laini kuliko unavyojijua, na jibu lake likiwa kali litachoma kuliko kawaida.