Siku moja maishani mwangu: kufuli iliyojingoja yenyewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inatetemeka chini ya mto. Ni mwenzangu wa zamu ya usiku, yeye yuko Nakuru mimi niko Kisumu huku Manyatta, na salamu ameweka kando: "Buda, imekwama tena." Sikuuliza nini. Ni ile seva ya mteja wetu, inayoweka faili zake kwa mfumo wa faili tulioandika sisi, mara ya tatu mwezi huu, backup ya usiku ikianza kuna siku inaganda, prosesa imepumzika kabisa lakini lodi, yaani hesabu ya kazi zilizo mbioni au zilizokwama zikingoja, inapanda 40, 60, 90, na ukijaribu kuua programu kwa nguvu kwa kill -9 haifi. Programu ikiwa kwenye hali ya D huwezi kuiua, imelala ndani ya kerneli, kiini cha Linux, ikingoja kitu na mpaka ikipate haisikii mtu.

Nikamsihi asiizime bado, anipe dakika kumi. Hapa ndipo watu wengi hukosea, mtu anaona mashine imeganda anakimbilia kuiwasha upya na ushahidi wote unapotea. Nikaingia kwenye seva kwa mbali kwa SSH, nikatupa herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, kerneli ikamwaga stack ya kila programu iliyokwama, yaani orodha ya funksheni zilizoitana hadi pale ilipokwama, nikahifadhi zote, ndio nikamwambia haya sasa washa upya.

Saa moja na nusu, chai ya maziwa na mandazi mbili mezani, naanza kusoma. Kerneli ilikuwa imelalamika kwamba programu zimekwama zaidi ya sekunde 120, huo ndio muda wake wa kawaida kabla ianze kupiga kelele. Stack zilikuwa 31 lakini 29 zilikuwa tu foleni, watu waliokwama nyuma ya waliokwama. Kazi ilikuwa kwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa inasoma faili kwa O_DIRECT. Kwa kawaida ukisoma faili data hupitia kashe ya kerneli kwanza, lakini O_DIRECT inaruka kashe, diski inaleta data moja kwa moja hadi kwenye memori ya programu, ndio maana hifadhidata na mashine pepe huipenda sana. Mfumo wetu wa faili ukianza kusoma hivyo unachukua kufuli ya faili kwa njia ya pamoja, yaani wasomaji wengi wanaweza kuwa nayo wakati mmoja, mwandishi peke yake ndiye huihitaji bila mtu mwingine ndani. Hapo sawa. Lakini nikipanda juu kwenye stack nakuta peji folti, yaani programu imegusa kipande cha memori (peji) ambacho hakipo bado, na juu ya peji folti nakuta funksheni yetu wenyewe inaomba kufuli ile ile. Nikaweka kikombe chini.

Iko hivi. Programu ya mteja ilikuwa imeweka faili kwenye memori kwa mmap, halafu ikatumia memori hiyo hiyo kupokea data inayosomwa kutoka faili hiyo hiyo. Peji haikuwepo, kerneli ikaenda kuileta, na kuileta kwa mfumo wetu kunataka kufuli ambayo programu tayari inayo mkononi. Unaweza kusema si ni ya pamoja, ichukue tu mara ya pili, na siku nyingi inachukua na maisha yanaendelea. Shida ni mwandishi akija katikati. Hiyo ndiyo ilikuwa stack ya pili, mtu anataka kuongeza urefu wa faili. Mwandishi akishapanga foleni, msomaji mpya haruhusiwi kumpita, la sivyo wasomaji wangekuja mmoja baada ya mwingine na mwandishi asipate nafasi milele. Kwa hiyo msomaji anangoja nyuma ya mwandishi, mwandishi anangoja msomaji huyo huyo aachilie, na hapo hakuna wa kutoka. Mwanya ni wa mikrosekunde, ndio maana ilikuwa inatokea mara moja moja.

Saa nne nikaanza kuirudisha makusudi, kwa sababu bagi ambayo huwezi kuiita ikaja huwezi kusema umeiua. Programu ndogo ya C, thredi mbili, yaani kazi mbili zinazoenda sambamba ndani yake. Ya kwanza inaambia kerneli iachilie ramani ya peji kwa MADV_DONTNEED ili folti itokee lazima, halafu inasoma kwa O_DIRECT, ya pili inaandika bila kupumzika. Ndani ya mashine pepe ya QEMU kwenye laptopu yangu ilikwama baada ya sekunde kama nne. Nikawasha lockdep, hiyo kitu imekuwa kwenye Linux tangu 2006 na bado inanishangaza, haihitaji hata ukwame, inaona tu mpangilio wa kufuli na kukuambia hapa siku moja utakwama. Ikalalamika mara ya kwanza kabisa. Mbona haikusema miaka yote? Kwa sababu inajua tu njia ambazo msimbo umepitia, na hakuna testi yetu hata moja iliyowahi kupita hapo. Hiyo iliniuma.

Mwenzangu hakuwa amelala, akaniandikia, "Si tuondoe kufuli kwa direct read, kwani ni ya nini?" Ni swali zuri na ni lazima lijibiwe vizuri. Ukiiondoa, mtu anaweza kukata faili wakati diski bado inasomwa, zile bloku zinaachiliwa, zinapewa faili ya mtu mwingine, na msomaji wako anapokea data isiyo yake. Afadhali seva igande mara mia kuliko hiyo itokee mara moja. Kufuli inabaki.

Saa saba nikapanda boda hadi Kibuye kula na dada yangu, ana duka la nafaka. Tunakula omena na ugali kwenye kibao nyuma ya magunia, ananiuliza mbona macho mekundu, nikamwelezea kwa vitu vyake. Mtu ameingia stoo kuchukua mahindi, yuko ndani ndio anagundua gorogoro yake iko stoo hiyo hiyo upande wa pili, na kuifikia lazima ajiandikishe upya kwa askari wa mlango, na mlangoni kuna lori linangoja stoo iwe tupu lishushe. Dada hakufikiria hata. "Atoke nje, apewe gorogoro yake, arudi kwa foleni." Nikamuuliza, na akirudi akute mtu ameibeba? "Atatoka tena. Lakini asisimame ndani."

Na hivyo ndivyo watu wa GFS2 na Btrfs, mifumo mingine ya faili, walivyofanya kwenye Linux 5.16. Unachukua kufuli, unasoma huku umezima folti, ukigonga peji ambayo haipo unasimama hapo hapo, unaachilia kufuli, unaleta peji ukiwa mikono mitupu, unarudi. Kuleta peji mapema mara moja tu kabla ya kufuli hakutoshi, kerneli inaweza kuziondoa tena kabla hujafika.

Saa tisa mvua ya Kisumu ikashuka vile inavyojua, stima ikaenda, nikabaki na betri asilimia 60 na hotspoti ya simu. Sikuhitaji intaneti, nilihitaji tu kuandika. Mistari kama 40. Testi haikukwama tena na nilitaka kupiga kelele, lakini nikalinganisha data na ikakataa, baiti za mwanzo zilikuwa mbaya. Nilitazama hiyo karibu saa nzima, mvua inapiga mabati. Kumbe baada ya kuachilia kufuli na kurudi nilikuwa sibebi hesabu ya kilichokwisha kusomwa, kwa hiyo kipande cha pili cha faili kilikuwa kinaandikwa juu ya cha kwanza. Nikaongeza hiyo hesabu, na pia nikahakikisha kila raundi inasoma nafasi iliyofuata, si ya mwanzo. Data ikafanana baiti kwa baiti.

Stima ikarudi saa kumi na mbili na nusu. Nikatuma pachi, na mwenzangu akarudisha swali moja: programu ikitupatia anwani ya memori isiyokuwepo kabisa? Nikajaribu. Ikazunguka bila mwisho, inaleta peji, inakosa, inarudi, prosesa asilimia 100. Nilimshukuru kwa dhati, hiyo ingetoka hadi kwa mteja. Sasa kama kuleta peji hakukuleta hata baiti moja, tunarudisha EFAULT, kosa la anwani mbaya, na kutoka.

Saa tatu usiku nikaweka ile programu ya C kwenye testi zetu za kila siku, njia hiyo isikose kupitwa tena, nikaiacha ikizunguka na lockdep imewashwa. Nilipoenda kulala saa tano ilikuwa raundi 41,000, na lockdep ilikuwa haijasema kitu.