Gauni jeupe, jua la utosini
Leo nimempiga dada yangu picha akiwa na gauni jeupe la lesi, jua la utosini. Nyuma yake kulikuwa na mti wenye kivuli kizito, basi kamera ikaona giza na kuongeza mwanga. Nilipoikuza picha: lesi hakuna, vifungo hakuna, kifua kizima kama karatasi tupu. Na sehemu ikishaungua hivyo hairudi, uihariri utakavyo. Nikashusha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 100, tundu la lenzi nikalibana hadi f/16, kasi ya kufunga sekunde 1/200, nikapiga tena. Vitundu vya lesi vikaonekana kimoja kimoja! Uso ukaingia giza kidogo, nikauongezea mwanga baadaye kwenye kompyuta. Mwenyewe kachagua ile iliyoungua, eti humo anang'aa. Haya bwana.