Mkuku Uliokuja Umepinda

Vipande vyote vya ile merikebu ndogo ya kujiundia vilikuwa vyema isipokuwa kimoja, na hicho kimoja ndicho kinachobeba vingine vyote. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya chombo. Ulikuwa wa plaiwudi ya milimita 4, urefu wake kama dhiraa moja, na ukiulaza mezani omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, zinagusa meza, katikati panapita kidole.

Mpwa wangu alikuwa na miaka 12 wakati huo na alikuwa ameisubiri zawadi hiyo kwa muda mrefu. Walioiuza waliandikiwa, wakajibu kwamba mbao ni mbao, hupinda, tuiwekee kitu kizito. Kaka yangu akaulaza mkuku sakafuni na kuupandishia kamusi nene mbili na ndoo ya maji. Kulipokucha ulikuwa umenyooka, mtoto akashangilia, gundi ikatolewa. Kufika jioni mkuku umerudi vilevile. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Akaja nao kwangu ukiwa umefungwa kwenye gazeti. "Shikamoo, shangazi. Baba anasema wewe ulifanya kazi kwa maseremala."

"Marahaba. Nilikuwa napiga msasa na vanishi tu."

"Si ndiyo hiyohiyo?"

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Aliyepiga msasa kwa muda mrefu amekwisha kuona mbao zikicheza. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa tena, na kila inapokunywa hupanuka, inapotoa husinyaa. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba haisinyai sawasawa: ubao mbichi ukikauka hupungua upana kwa asilimia kadhaa, miti mingine hata 10, ilhali kwa urefu wa nyuzi zake haupungui hata nusu asilimia. Ndiyo maana plaiwudi hugundishwa matabaka kwa matabaka, nyuzi za hili zikikatiza nyuzi za lile, ili kila moja limzuie mwenziwe asitanuke ovyo. Lakini ikiwa nyembamba, na uso mmoja ukauke upesi kuliko wa pili, uso huo hujikunyata na kuuvuta ubao mzima, kama nguo inavyojikunja pale fundi alipovuta uzi kupita kiasi.

Basi nikamwonyesha. Upande ulioingia ndani, tuuite tumbo, ndio uliofupika. Mgongo hauna kosa. Kuukandamiza mgongo kwa kamusi ni kumwonea asiyehusika, maana unyevu wa tumboni haujabadilika, na uzito ukiondoka ubao unafuata ulichozoea.

Nikachukua sponji, nikaichovya na kuikamua vizuri, nikapitisha tumboni peke yake. Kuikamua kuna sababu: gundi ya plaiwudi nyingi za ndani ya nyumba haipendi kurowa, ukiichovya kwenye beseni matabaka yanaachana na hapo hakuna dawa tena. Zile kingo zilizokatwa kwa leza zilikuwa nyeusi, zikatutia masizi vidoleni, na sponji ikawa kama ya kufutia sufuria. Kisha tukaulaza mezani, tumbo chini, tukausubiri. Mtoto aliinama mpaka jicho likawa sawa na meza. Ule mwanya uliokuwa ukipitisha kidole ukapungua ukawa wa kupitisha penseli, halafu ukawa wa rula ya chuma. Hatukuwa tumeugusa. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, kwa sababu aliacha kuzungumzia ndoo.

Kubana nako kuna adabu yake. Tuliuweka kati ya mbao mbili zilizonyooka, karatasi za kunyonya maji juu na chini, tumbo likitazama chini, na chini ya kila ncha nikaweka kipande cha kadi nyembamba. Mbao ikinyooshwa hurudi kidogo, kwa hiyo unaipeleka mbele ya pale unapotaka ili ikirudi isimame hapo. Karatasi zikilowa unabadilisha. Halafu unangoja ikauke ikiwa imebanwa, na kungoja ndiko kulikomshinda kijana. Akaja na mashine ya kukaushia nywele. Nikaikatalia, kwani joto la upande mmoja ndilo hasa linalopinda mbao. Kaka yangu naye, kwa simu, akapendekeza pasi. Pasi ina kazi yake, lakini kwa vile vibao vyembamba vya ubavuni, ambavyo unaviroweka makusudi ili vikubali kuzunguka omo. Huko tunataka vipinde. (Kaka yangu ni mhasibu.)

Tulipoufungua ulikuwa umepita kidogo upande wa pili, kama nilivyotarajia. Tukausimamisha kwa ubavu, hewa ikiufikia pande zote mbili sawa, na kesho yake tukafunga uzi kutoka omo hadi tezi. Uzi ukalala juu ya ubao bila kuacha mwanga chini yake. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Macho ya mtu anayetaka kuanza kazi hudanganya.

Sikumruhusu auhifadhi. Mkuku ulionyooka ukiachwa peke yake unaweza kubadilika hali ya hewa ikibadilika, kwa hiyo mataruma, zile mbavu za merikebu, yaliingia siku hiyohiyo, kila moja likipimwa kwa kadi yenye pembe mraba. Mataruma hukatiza mkuku, na yakishagundishwa na kuzungushiwa vibao vya ubavu, hata ukitaka kupinda huna pa kupindia. Gundi nyeupe tuliitia kwa ncha ya kijiti, kidogo, pande zote mbili, kwa kuwa nayo ni maji. Karatasi za plaiwudi ambazo bado hazijachomolewa vipande nilizirudisha kwenye mfuko wake, zikalazwa bapa chini ya ubao mzito. Zilikuwa zimeegeshwa ukutani karibu na dirisha, na jua la dirishani lingezifanyia yaleyale.

Kanuni ya mwisho niliyompa ilikuwa kwamba chochote unachopaka uso mmoja, paka na wa pili, hata kama hautaonekana. Akaitikia, kisha akapaka vanishi sitaha upande wa chini na kwenda kulala. Asubuhi kingo za sitaha zilikuwa zimeshuka na katikati imenyanyuka. Nikaiendea sponji.

"Shangazi, iache."

"Imebenuka."

"Sitaha za kweli zina mgongo, maji yamwagike pembeni. Nimesoma."

Na ni kweli, zinao. Tukaipima juu ya mataruma, ikakaa vizuri kuliko ilivyokaa ikiwa bapa. Nilichomshurutisha ni kuipaka upande wa juu kabla ya chakula cha mchana, maana mgongo ule ungezidi kidogo tu, kibanda cha nahodha kisingepata pa kukaa.