Maracanã 1950: watu wengi hivyo walienea vipi?

Tarehe 16 Julai 1950, Kombe la Dunia, Brazil dhidi ya Uruguay, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Tiketi zilizolipiwa zilikuwa 173,850. Ukijumlisha walioingia bure, wengi hukadiria karibu laki mbili. Leo uwanja huohuo hauchukui hata nusu ya hao.

Siri ni viti, au tuseme kukosekana kwake. Jukwaa la juu lilikuwa ngazi za zege tupu: ukibanana, mahali pa mmoja wanakaa wawili. Chini kabisa, kuzunguka uwanja, palikuwa na "geral", eneo la kusimama la watu wa kipato cha chini. Bei poa, ila macho yako yako karibu usawa wa nyasi. Mpira ukienda upande wa pili unaona miguu tu, tena ukibahatika. Kati yao na wachezaji kulikuwa na mtaro. Ujenzi wenyewe ulikuwa haujakamilika.

Haikuwa fainali hasa, bali mechi ya mwisho ya kundi la timu nne. Brazil walihitaji sare tu. Friaça wa Brazil akafunga dakika ya 47, Schiaffino wa Uruguay akasawazisha ya 66. Kwa hesabu, kombe lilikuwa bado la Brazil, lakini shangwe zilianza kufifia palepale. Dakika ya 79 winga wa Uruguay, Ghiggia, aliingia kutoka kulia. Kipa wa Brazil, Barbosa, akitarajia krosi kama ile ya bao la kwanza la Uruguay, aliacha upenyo kwenye mlingoti wa karibu. Mpira ukapita hapo. Uwanja mzima kimya.