Herufi H kwenye barua ya 1989

Juzi binti yangu alikaa pembeni yangu wakati kompyuta inanisomea, mimi nisiyeona, ankara ya maji niliyoipiga picha kwa simu. Penye "jumla" ikasoma "jurnla", kisha ikachomeka maneno ya muhuri katikati ya jina la mteja. Akaniuliza, "Baba, hii mashine huwa inakudanganya?" Nikamwambia hapana, inakosea tu, wanaodanganya ni watu. Halafu nikanyamaza, maana hapohapo ile barua ilinijia.

Ilikuwa 2019, tunahangaikia vitambulisho vya taifa vya NIDA. Kaka alikuja kutoka Muheza na mfuko ambao Mama huwekea karatasi zote za nyumbani: kadi za kliniki, risiti, vyeti vya ubatizo. Nilikuwa natafuta cheti changu, na sikutaka kumwita mtu anichambulie. Nimesomewa na watu tangu utotoni, najua jinsi msomaji anavyoruka. Anaona mstari haukuhusu, anaupita, wala hana nia mbaya. Ila anayeamua kwamba haukuhusu ni yeye. Basi nikafunga mlango, nikawa naingiza karatasi kwenye skana moja baada ya nyingine.

Karatasi ikishaskaniwa, kwa kompyuta ni picha tu. Kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyoandikwa kwenye kompyuta, kikifika pale hakina la kusema, mpaka programu ya kutambua maandishi iipitie ile picha, itenganishe weusi wa wino na weupe wa karatasi, ikisie kila alama ni herufi gani. Mimi natumia kisoma skrini cha NVDA, alichokianzisha Michael Curran mwaka 2006, kisha akaungana na James Teh, wote Waaustralia wasioona, nao wakakitoa bure. Nawaombea heri kila siku. Siku ile nilibonyeza vitufe vya kuamuru Windows itambue maandishi, lugha ikiwa Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili haikuwa nacho. Kwa kawaida tunaelewana, maana Kiswahili kinaandikwa kwa herufi zilezile. "Shule" inaweza kuwa "shute", "ng'ombe" akapoteza kipande, lakini maana unaipata.

Ikafika karatasi moja nyembamba, iliyokunjwa mara nne. Sauti ikaanza: "Kumb. Na.", tarehe ya 1989, kisha "VAH: KUANDIKISHWA MTOTO ASIYEONA."

Barua ile niliijua. Nilikuwepo siku ilipofika. Mama alikaa mkekani akaisoma, nikisikia ukucha wake ukiparuza karatasi mstari kwa mstari. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970, kwa hiyo alikuwa anaunganisha silabi chinichini kwanza ndipo atamke. Siku ile alinyamaza muda mrefu, nikadhani anaunganisha. Kisha akasema, "Nafasi zimejaa, mwanangu. Tusubiri mwakani."

Sasa mashine inasoma: "Kamati ya shule imejadili ombi lako na kuona kwamba mtoto huyu, atafaidika na masomo ya shule hii. Kwa hiyo tuna" halafu rundo la alama na vipande vya maneno. Muhuri ulikuwa umekaa juu ya mstari.

Atafaidika. Nikairudia. Atafaidika. Kumbe walinikubali! Shule ya jirani, ambayo kengele yake niliisikia kila asubuhi watoto wenzangu wakikimbia kwenda mstarini, ilikubali kunipokea, na Mama akaniambia zimejaa. Kwa nini? Aliona aibu? Aliogopa nitaanguka njiani? Nilikaa pale mikono imekufa ganzi, nina hasira na mtu ninayempenda kuliko wote duniani. Sauti ya kompyuta haikubadilika hata kidogo, ileile iliyosoma risiti za duka.

Kilichonizuia kumpigia simu dakika ile ni ule mkato. Kwa nini kuna mkato baada ya "huyu"? Mwalimu mkuu anayeandika Kiswahili kilichonyooka kama kile haweki mkato pale. Nikarudi na mshale, herufi moja moja: u, y, u, mkato, nafasi, a, t, a. Nikaichukua karatasi yenyewe, nikapitisha kidole kwenye mikunjo. Mkunjo wa katikati ulikuwa umechakaa hadi nyuzi za karatasi zimeachana. Programu ilikuwa imeokota kitu pale, mabaki ya wino, na haikujua kiitweje.

Ningeweza kumwita jirani aangalie. Sekunde moja tu, angeniambia. Sikutaka. Barua hii ilishasomwa na mtu mwingine kwa niaba yangu, mara moja ilitosha.

Nikaweka karatasi nyeusi nyuma yake ili maandishi ya upande wa pili yasipenye, nikapandisha skana hadi nukta 600 kwa inchi, nikatumia Tesseract, programu nyingine ya kutambua maandishi, ambayo ina data ya Kiswahili. Data hiyo husaidia sana: inajua "shule" ni neno na "shute" si neno. Lakini kwa tatizo langu haikuwa na la kunisaidia, kwa sababu atafaidika na hatafaidika yote ni Kiswahili safi. Hapo ilibaki wino peke yake.

Ikasoma: "mtoto huyu hatafaidika na masomo ya shule hii. Kwa hiyo tunashauri abaki nyumbani."

Tangu 1977 elimu ya msingi ilishatangazwa kuwa ya kila mtoto. Abaki nyumbani! Nilikuwa na miaka saba.

Mama hakungoja hiyo mwakani aliyonitajia ifike. Alisikia habari za shule ya wasioona ya Irente kanisani, akauza mbuzi, tukapanda basi hadi Lushoto. Miaka yote nimesimulia kwamba nilikwenda Irente kwa kuwa shule ya jirani ilijaa, na nilisimulia bila kinyongo chochote. Hicho ndicho alichonipa pale mkekani, alipokuwa kimya.

Ninachojiuliza ni kwa nini aliitunza. Kama hakutaka nijue, jiko lilikuwa linawaka palepale. Yeye akaikunja, akaiweka pamoja na cheti changu cha ubatizo. Labda alijua ipo siku nitapekua. Labda ni muhuri tu, maana kwa watu wa rika lake karatasi yenye muhuri haitupwi.

Nimeshampigia simu nikiwa nimeamua kumuuliza, tukaishia kuongelea mvua na machungwa. Kaka anasema nimwache apumzike. Mimi naona ana haki ya kusikia kutoka kwangu kwamba nimeisoma, na kwamba namshukuru kwa jinsi alivyoisoma yeye. Nianzie wapi, bado sijapata.