Februari ya Paje

Likizo ndefu ya chuo huangukia msimu wa upepo wa kusi, kati ya Julai na Septemba, na ndipo sisi wanafunzi wa sayansi ya bahari tulipokuwa tukipelekwa mafunzo kwa vitendo. Mwaka 2008 nilipangiwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, enzi zile bado iko Mizingani, Mji Mkongwe. Nikapewa kazi ya kupima joto la maji kwenye mashamba ya mwani kule Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Mwani mwembamba ulikuwa ukistahimili, lakini bei yake ndogo. Ule mnene, wenye bei, ndio uliokuwa ukifa na kuwatia kina mama hasara.

Paje, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana, na hufika mwisho wa kupwa kama saa nne asubuhi, jua linapanda. Mashamba hubaki na maji haba. Nilikuwa nachuchumaa kati ya vigingi, natumbukiza kipimajoto, naandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki. Nyuzi 26. Nyuzi 27. Mwani wenyewe mzima, matawi manene kama kidole, unateleza mkononi.

Mama mmoja aliyekuwa akifunga mbegu kwenye kamba ya jirani alinitazama kitambo.

"Mwanangu, unapima nini?"

"Joto la maji, mama. Tunatafuta kinachoua mwani mnene."

"Sasa mbona umekuja kusi? Kusi mwani hauumwi. Njoo msimu wa kaskazi, maji yanaunguza miguu." Akashika tawi, akalipinda pale linapogawanyika. "Huanzia hapa. Panakuwa peupe, panalainika, halafu unakatika, unakwenda na maji."

Maneno yale yalinikaa. Miezi ya joto wanafunzi tumo darasani, kwa hiyo vipimo vyetu mwaka hadi mwaka ni vya kusi. Hadi leo naona hiyo ni kasoro kubwa: kalenda za vyuo ndizo zinazotuchagulia bahari ya kuijua.

Nilimweleza msimamizi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akatoa vipimajoto viwili na daftari. Tulipompelekea, yule mama aliuliza jambo moja tu: apime maji ya juu, au ya chini penye mwani? Msimamizi akafurahi mno. Chini, akamwambia, penye mwani.

Machi daftari lilifika mjini kwa daladala, kisha likavuka na boti hadi kwangu Dar es Salaam. Bamvua la Februari: nyuzi 34, nyuzi 35. Pembeni ameandika, "Mnene wote umekatika. Mwembamba upo."

Ripoti yangu ya mwaka wa tatu ilisimama juu ya Februari yake, si juu ya Agosti yangu. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika jina lake ukurasa wa kwanza, pamoja na la msimamizi. Akakubali, ila akataka liandikwe kamili, na la baba na la babu, maana Paje wenye jina kama lake ni wengi.